Kipande cha Tatu cha Mkaa

Majimoto, Mpanda
4 Juni 1996

Binti yangu Generosa,

Salaam. Sisi wazima, ila mama yako mgongo unamsumbua tangu tuvune mpunga. Haya, salamu zimekwisha, tugombane.

Kamati ya mipaka imekuja na ramani. Mstari wa hifadhi unapita juu ya mashamba yetu. Eti viboko wameongezeka, wanahitaji nafasi. Nikauliza, nani kawahesabu? Wakanionyesha jina lako! Nilikusomesha takwimu ili unitoe shambani? Tena wanasema sisi tumehamia hapa juzi tu. Sisi, tuliofua chuma hapa kabla ya Mjerumani! Nijibu, na usinijibu kwa desimali.

Baba yako,
Melkiadi

Dar es Salaam
29 Juni 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Mpe Mama pole ya mgongo.

Ni kweli niliwahesabu. Kiboko akizama humwoni, kwa hiyo tunahesabu mara nyingi, kisha tunakadiria waliozama. Sikuandika popote kwamba watu waondoke. Hilo wameliongeza wao.

Lakini hesabu za namna hiyo zinaweza kututetea. Mti ukifa, kuna kitu ndani yake kinachopungua taratibu, hata ukiwa mkaa. Maabara ya Ulaya hupima kilichobaki, nami nakadiria umri na ukubwa wa kosa linaloweza kuwemo. Mwenzangu Josephat atakuja kuchimba mkaa kwenye tanuri la chuma la mababu. Kamati imekubali kupokea matokeo. Tafadhali Baba, tanuri lisiguswe kabla hajafika.

Binti yako,
Generosa

Majimoto
18 Agosti 1996

Binti yangu,

Marahaba. Huku wote tunapumua. Josephat alifika, akala ugali wetu, akachukua vipande vitano, akaondoka. Mpole sana. Wapole siwaamini.

Na wewe, mhesabu viboko, mkaa umeujulia wapi? Na vipande vikisafiri mpaka Ulaya, nani anavilinda njiani? Mtaalamu ni mtu anayekuja na jibu mfukoni, halafu anakuomba swali. Mimi husoma magazeti, Generosa.

Tanuri halikuguswa.

Baba yako

Dar es Salaam
2 Februari 1997

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo? Mvua zinaendeleaje?

Matokeo yamefika. Vipande vinne vina umri wa miaka kama mia tatu. Cha tatu, kilichotoka mdomoni mwa tanuri, ni cha mti uliokuwa hai baada ya Uhuru. Josephat ananishauri nikifute. Sifuti. Anayefuta namba asiyoipenda, siku moja atafuta kijiji. Lakini nikikiacha bila maelezo, kamati itasema tumepandikiza mkaa, na vyote vitano vitatupwa. Wanakutana tarehe 20 Machi.

Usikasirike, Baba. Ni wewe uliyeweka mkaa pale?

Binti yako,
Generosa

Majimoto
14 Februari 1997

Generosa,

Shikamoo yako baki nayo. Mimi, katekista wa kigango, kanisa letu hili dogo, miaka ishirini na miwili, unaniita mwongo? Muulize Josephat wako! Waulize hao Wazungu wenye mashine! Nani anafaidika tukihamishwa? Anzia hapo.

Melkiadi

Majimoto
5 Machi 1997

Mwanangu,

Kwanza nakuitikia: marahaba. U mzima?

Mama yako aliisoma tena barua yako, akaikunja, akaniuliza, "Baba Generosa, na ule moto?"

Desturi ya ukoo unaijua. Mgeni hafukui ardhi ya mababu mpaka mkubwa wa ukoo awashe moto na kuwaomba. Siku mbili kabla ya Josephat kufika niliuwasha, kwa kuni za mninga, palepale mdomoni mwa tanuri. Asubuhi nikafagia. Nilidhani nimefagia yote. Mimi, niliyewachongea wenzangu kwa padri kwa sababu ya matambiko! Nimewashuku wote ambao hawakuwepo, nikamwacha aliyeshika kiberiti.

Jumapili nilisimama mbele ya waumini nikasema. Padri amechukua ufunguo wa kigango. Maelezo yangu yamo humu, na saini za mashahidi watatu. Wawili walikuwa wanacheka.

Usiifute namba yako. Wala usiandike "kosa" mbele yake. Andika Melkiadi.

Baba yako

Dar es Salaam
24 Machi 1997

Baba yangu,

Shikamoo sana. Barua yako ilinifikia siku mbili kabla ya kikao.

Walisoma jedwali zima. Kwenye mstari wa tatu mwenyekiti akavua miwani: "Melkiadi ndio mti gani huo?" Nikawasomea maelezo yako. Mzee mmoja Mfipa akamwambia, "Mheshimiwa, hata kwetu bila moto huchimbi." Wakauliza maswali saa nzima, ya kukushuku wewe, ya kunishuku mimi. Mwisho wakaukubali mkaa. Mstari wa hifadhi umerudi ng'ambo ya mto. Mashamba yamebaki.

Nakuja likizo ya Juni. Kanisani nitakaa na wewe, benchi la nyuma.

Binti yako,
Generosa