Kamba za Mbeleko ya Odeta

Jumatatu, 2 Juni

Nimekata vishati sita vya watoto wachanga, flana ya njano iliyobaki. Nimeshona vinne. Uzi umekatika mara nyingi, uzi wa siku hizi hauna kitu. Kutunga sindano kumenichukua muda mrefu kuliko kushona kwenyewe. Nikahamishia cherehani mlangoni, ndani giza. Mume wangu akauliza saa nne asubuhi giza gani.

Odeta ameamka miguu imevimba. Alirudi kwangu wiki iliyopita kutoka Nemba alikoolewa, ajifungue akiwa mikononi mwangu. Mjukuu wa kwanza huyo. Mwezi hauishi kabla hajafika.

Jumatano, 4 Juni

Siku ya kikundi. Tumekaa barazani kanisani, akina mama wote. Tunawashonea wanaokuja kujifungulia zahanati hawana hata kitambaa cha kumfunika mtoto. Kishati, kofia, shuka ndogo, kifurushi kimoja kwa kila mama. Kikundi tulikianzisha mimi na mama mchungaji, cherehani ilikuwa moja tu, yangu. Mpaka leo nashona kwa uzi wa kijani, lile rola kubwa lililobaki nilipokuwa nashona sare za shule. Ukigeuza nguo ndani ukaona kijani, ujue ni mkono wangu.

Leo Yustina kaleta kofia. Huyu ni mke wa mwalimu mpya, wamehamia Nyamahanga hapa kutoka Ngara. Kofia amezifuma kwa mkono, zina masikio ya sungura. Mtoto mchanga masikio ya sungura ya nini. Wenzangu walizipokea moja moja kama wamepewa vifaranga. Mama mchungaji akasema hivi ndivyo Mungu anavyotuletea watu. Mimi nimekaa pale miaka yote, sikumbuki kuambiwa nimeletwa na mtu yeyote.

Vishati vyangu sita hakuna aliyevigeuza. Vilikwenda moja kwa moja kwenye mfuko wa zahanati.

Jumamosi, 7 Juni

Zamani mfuko wa zahanati nilikuwa napeleka mimi. Tangu Pasaka unalala kwa Yustina kwanza, ndipo anaupeleka yeye. Eti anakaa karibu na zahanati, eti mama nipumzike. Sikuomba kupumzika. Leo nimekutana na nesi sokoni, kitu cha kwanza kaniuliza Mama Kelvin hajambo. Mama Kelvin ndiye huyo Yustina. Nikasema mzima.

Nimemkuta Yustina mwenyewe kwenye nyanya. Shikamoo mama. Anainama mpaka magoti yanakaribia chini. Nikaitikia marahaba, nikaondoka bila nyanya.

Ni wivu. Naandika kabisa, daftari ni langu. Naandika kwa herufi kubwa siku hizi, linaisha haraka.

Jumanne, 10 Juni

Nimeanza mbeleko. Kitenge tabaka mbili, katikati flana, kamba nne ndefu, mbili za kiunoni na mbili za kifuani. Marehemu mama aliiita ingobyi. Kwao huko Burundi ilikuwa ngozi ya kondoo, sisi tumekuta kitenge, lakini sharti ni lile lile. Mbeleko ya mtoto wa kwanza inashonwa na mama wa binti. Mkono mmoja tu. Mwingine haugusi mpaka mtoto abebwe. Yangu alishona mama kwenye jiwe mbele ya nyumba, bila cherehani. Odeta alibebwa humo, nami ninayo bado sandukuni.

Nilikuwa napiga chaki Odeta akaja akakaa. Akazunguka zunguka na maneno, mara joto, mara mgongo. Mwisho akasema, "Mama, shona yote. Kamba tu muachie Mama Kelvin."

Nilimuuliza kamba zangu zina nini. Akasema hazina kitu. Nikamuuliza tena. Akaangalia miguu yake. Nikamwambia kama anataka mama mwingine aende kwa mke wa mwalimu akajifungulie huko, apewe na masikio ya sungura. Mjamzito wa miezi tisa, nikamwambia hivyo. Alilia. Sikumwomba radhi.

Jumatano, 11 Juni

Sikwenda kikundi. Nimesingizia mgongo. Hakuna aliyekuja kuniulizia mgongo.

Jumamosi, 14 Juni

Yustina amekuja kwangu. Hakunifuata mimi. Kamfuata Odeta, wamekaa chini ya ukuta upande wa jua la asubuhi, anamfundisha kufuma. Wanacheka. Mtoto huyu nilipokuwa namfundisha kushika sindano alikuwa ananitoroka kwenda kucheza rede. Leo kang'ang'ania sindano ya kufumia kama kaajiriwa.

Nilipita na ndoo mara tatu. Mara ya tatu ndoo ilikuwa tupu. Yustina akainuka anipokee. Nikasema acha.

Mume wangu kaniambia chakula cha mchana kina chumvi mara mbili. Kasema pia niende Biharamulo mjini nikapime macho. Nimemuuliza macho na chumvi vinahusiana vipi. Kasema yeye hajui, anasema tu.

Jumanne, 17 Juni

Mbeleko imekwisha. Peke yangu, mwanzo mpaka mwisho. Nimeipiga pasi, nimeikunja, nimeiweka sandukuni juu ya ile ya mama. Kitenge kina maua ya bluu, uzi wa kijani umekaa vizuri. Nimeita Odeta aje aione. Kaishika kamba moja moja, kavuta kidogo, kaniambia asante mama. Kwa nini alivuta.

Alhamisi, 19 Juni

Mama mchungaji kapiga simu. Yustina kaondoka ghafla kwenda Ngara, kafiwa na baba yake mdogo. Mfuko wa zahanati uko nyumbani kwake, niuchukue niupeleke mimi. Nikasema poleni kwa msiba. Moyoni nilikuwa nacheka. Bwana anisamehe, mtu kafiwa.

Mwalimu alinipa mfuko mlangoni. Sikwenda zahanati. Nilikuja nao nyumbani, nikafunga mlango wa chumbani, nikamwaga vyote kitandani. Nilikuwa natafuta kosa. Nilitaka nguo moja ya Yustina yenye kosa, niende nayo Jumatano barazani niseme tu kwa upole, jamani tuwe tunakagua.

Vishati vya njano vilikuwepo. Nikageuza kimoja. Uzi mweupe, mshono umekunjwa mara mbili kwa ndani, umenyooka toka kwapani mpaka chini. Nikasema tazama, kakata flana ile ile kuniiga. Haiwezekani mtu akashona hivi kila mahali, lazima kuna sehemu kalipua. Nikachukua wembe nikafumua ubavu mzima.

Chini ya uzi mweupe kulikuwa na vitu vidogo vimenasa kwenye flana. Nilidhani ni majani. Nikaenda mlangoni kwenye jua, nikakinyoosha kishati mbali na uso, ndipo nikaona.

Uzi wa kijani.

Nilirudi nikageuza vyote. Vishati vyangu vyote. Vya mwezi huu na vya mwezi uliopita ambavyo havijapelekwa. Karibu vyote vina mabaki ya kijani chini na mshono mweupe juu. Viwili vilikuwa bado hajavifikia. Vina pini zimechomekwa pale mshono wangu ulipokimbia nje ya kitambaa. Kimoja nilipitisha kidole kwapani kikatoka upande wa pili.

Hana tabia ya kusema, huyu mwanamke. Tangu Pasaka anachukua kazi yangu nyumbani kwake, anaifumua, anaishona upya, anapeleka. Barazani nafika nakaa kiti cha mbele.

Ijumaa, 20 Juni

Nimepeleka mfuko zahanati, isipokuwa vile viwili vyenye pini na kile nilichofumua. Nilitaka nikirudishie mwenyewe. Nimeshindwa kutunga uzi. Nimejaribu, nimelamba uzi, nimekata ncha, nimejaribu tena. Si uzi.

Afadhali angenicheka. Afadhali angesema mbele ya watu, ningejua pa kumshika. Sasa hata kwa wema kanishinda. Wivu haujaondoka, umeongezeka.

Na Odeta alijua. Kamba tu, alisema.

Jumamosi, 21 Juni

Nimetoa mbeleko sandukuni. Nimemwita mume wangu. Nikajaza maharage kwenye mfuko wa unga, uzito wa mtoto, labda zaidi kidogo. Nikauweka mgongoni, nikafunga kamba kama inavyofungwa. Nikamwambia asimame nyuma yangu. Kasimama.

Niliinama kama mtu anayepalilia. Hakuna kitu. Nikainuka. Nikainama tena, nikasikia sauti ndogo ya kitambaa begani. Kamba ya kifuani ikatoka yote na mshono wake. Mume wangu hakuwahi kudaka. Maharage yalifika mpaka chini ya kabati.

Odeta alitoka chumbani akasimama mlangoni, mkono tumboni. Aliinama taratibu, akaanza kuokota. Nikamwambia acha, unaumia. Akaendelea. Tuliokota wote watatu. Nikamwambia nilikutukana bure. Akasema, "Najua, mama." Ndiyo radhi tuliyoombana, hiyo.

Jumatano, 25 Juni

Yustina karudi jana. Asubuhi kabla ya kikundi nilikwenda kwake. Nilimkuta anafua. Kafuta mikono kwenye khanga, kainama. Shikamoo mama. Nikaitikia, nikampa pole ya msiba, safari hii kwa moyo.

Nikampa vile viwili vyenye pini, na kishati nilichofumua. Kakiangalia ubavuni. Hakuuliza nani kakifumua, kakiweka kwenye kapu lake. Nikampa mbeleko. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea. Nikasema maharage yamemwagika.

Kaishika kamba iliyotoka. Kasema taratibu, "Mama, Odeta aliniambia ni mkono mmoja."

Nikamwambia mtoto akidondoka, huo mkono mmoja nitaufanyia nini.

Kakaa kwenye cherehani yake, akatoa bobini yenye uzi mweupe. Nikamwambia ngoja. Nikatoa mfukoni rola langu la kijani, nilikuja nalo. Mpaka hapo, nimefika kwake na kamba iliyokatika, bado nilitaka mshono uonekane wangu. Kanitazama. Kajaza bobini uzi wa kijani. Sindano kaitunga mara moja, huku akinieleza habari za msiba, wala hakuangalia. Nilitamani kumzaba kofi. Dakika hiyo hiyo nilitamani kumshika mkono.

Kashona kamba zote nne, hata zile tatu ambazo hazikukatika. Msalaba kwenye kila ncha, mara mbili. Nilivuta kwa nguvu zangu zote. Nikaweka mguu, nikavuta tena. Kasema vuta tu mama.

Tulikwenda kikundi pamoja. Nimekaa kiti cha nyuma. Kiti cha mbele kilibaki wazi, mama mchungaji akaweka vitambaa.

Jumapili, 29 Juni

Wa kike. Alfajiri, zahanati. Odeta mzima. Sikwenda kanisani. Nimechoka mpaka vidole.

Kavalishwa kishati cha njano kutoka kwenye mfuko wetu, vyetu tulivisahau nyumbani. Nilikigeuza pindo. Mweupe juu ya kijani.

Jumamosi, 5 Julai

Leo mtoto kabebwa mara ya kwanza. Wakwe wamekuja kutoka Nemba, mama mchungaji, majirani. Yustina kaja mwisho, kakaa karibu na mlango. Mimi ndiye niliyemfunga mtoto mgongoni kwa Odeta, kamba za kiunoni kwanza, kisha za kifuani. Odeta kainama, kainuka. Akatembea mpaka kwenye migomba akarudi. Mtoto kalala muda wote.

Mkwe mwenzangu kaishika mbeleko, kageuza ncha, kaona kijani. Kasema kweli mkono wa mama Odeta hauchuji. Wote wakaitikia. Niliangalia mlangoni. Yustina alikuwa anaangalia kikombe chake cha chai. Alikuwa ameniachia sifa.

Zilikuwa tamu, sikatai. Kisha nikasema kamba ni za Mama Kelvin. Zangu zilikatika.

Mkwe akaniangalia, akamwangalia Odeta. Nadhani ile habari ya mkono mmoja ilimpita kichwani. Mume wangu akaanza hadithi ya maharage chini ya kabati, watu wakacheka, mimi pia nikacheka kidogo. Iliniuma. Hata sasa naandika inaniuma, na mbeleko iko pale ukutani imetundikwa, haijalegea popote.

Walipoondoka Yustina alibaki kuosha vikombe. Nilimletea kimto changu cha kuchomekea sindano na rola la kijani, nikaviweka mezani. Nikamwambia anitungie sindano kumi kabisa, zinitoshe wiki, nimalizie kofia za kikundi kwa mkono. Habari ya kupima macho nimesema nitaona.

Katunga kumi na mbili.