Kinachonizuia Huku ni Maktaba

Mpendwa Mama Zuhura,

Nakusalimu kutoka Makambako, mke wangu. Mimi mzima, mabega tu ndiyo yamechoka. Usishangae ukisikia kwamba barua hii imesomwa na watu wengine. Mama wa maktaba kule Njombe ametuomba sisi wasomaji tuandike kwa nini tunakwenda pale, naye atabandika barua zetu ubaoni. Wengine wamemwandikia yeye. Mimi nimeona nikuandikie wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeniuliza.

Uliniuliza kwenye simu, ile siku uliyokuwa umekasirika. "Mama yangu amepona. Nyumba ipo, shamba lipo. Huko kuna nini kinachokuzuia?" Nikasema kazi. Hukuridhika, maana kazi yenyewe unaijua: kupakia viazi na mbao kwenye malori, leo ipo kesho haipo. Ulijua sijakujibu. Sasa nakujibu.

Unakumbuka tulivyoingia mle mara ya kwanza? Tulikuwa wageni Njombe, tumetoka joto la Kondoa na kushukia kwenye baridi ambayo hata ukiongea meno yanagongana. Nilikuwa kibarua wa mbao, na kila nilipouliza habari za mkataba msimamizi alicheka. Siku ile mvua inanyesha, tukapita mbele ya jengo lenye maandishi makubwa ukutani. Mimi na darasa la nne langu nikayasoma kwa fahari. "Mama Zuhura, riziki hii hapa! Wanatoa mkataba." Wewe ulikuwa umejifunika kanga kichwani, umeinama kwa mvua, ukanifuata tu.

Nikavua kofia, nikasimama mbele ya meza.

"Shikamoo, mama. Tumekuja kuhusu mkataba."

"Marahaba. Mkataba gani, baba?"

"Wowote ule, mama. Hata wa mwezi mmoja."

Wanafunzi waliokuwa wanasoma wakainua vichwa. Ukanivuta shati. "Baba Zuhura, wewe! Ni maktaba. Mak-ta-ba!"

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini yule mama hakucheka mpaka ulipoanza wewe, ndipo tukacheka wote watatu. "Kazi ipo," akasema. "Ni kukaa na kusoma. Mshahara ndio hatuna. Karibuni, mvua bado inanyesha."

Tukakaa. Nakuambia kitu ambacho sikukuambia siku ile: tangu tufike mjini, kile kilikuwa kiti cha kwanza nilichokalia bila mtu kuniuliza nanunua nini au namsubiri nani.

Wewe darasa la saba ulimaliza, ukaenda moja kwa moja kwenye rafu za watu wazima. Mimi nilikaa kwenye kibenchi cha watoto, magoti yamefika kidevuni, na kitabu cha picha cha fisi na mbuzi. Nikaanza kusoma. Nilisoma kama tulivyofundishwa kule shuleni kwetu, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Mama wa maktaba akaja taratibu. "Baba, hapa tunasoma kimoyomoyo." Nikamwambia ukweli, kwamba kimoyomoyo sijui. Nikifunga mdomo na macho yanaacha kusoma. Hakunifukuza. Alinihamishia pembeni, karibu na dirisha, akasema ninong'one mpaka nizoee.

Nilinong'ona miezi mingi. Halafu ikaja ile Jumamosi uliponipiga kiwiko.

"Umelala?"

"Nasoma."

"Muongo! Mbona mdomo hauendi?"

Tukatazamana. Na mimi nilikuwa sijajua. Ukaniambia nikueleze nimesoma nini, nikakueleza, ukachungulia ukurasa ukaona ni kweli. Ukatoa machozi pale pale mbele ya watoto wa watu, ukasingizia vumbi la vitabu.

Na kuazima je? Tulitakiwa kuwa na mdhamini, na nani angewadhamini Warangi wawili waliokuja juzi? Tajiri wa mbao alisema hadhamini mtu, anadhamini mbao. Aliyetusaidia ni mama mwenye nyumba wetu, mama wa Kibena, mzee wa kanisa. Alipanda nasi kilima cha kwenda maktaba na gauni lake la Jumapili, akamsalimia mama wa maktaba "Kamwene!" kama wanakwenda harusini, kisha akatudhamini kwa maneno ambayo nikiyakumbuka nacheka peke yangu. "Hawa ni wapangaji wangu. Wakikimbia na vitabu vyenu, mimi nitabaki na godoro lao."

Tukatoka na kitabu. Wewe ulikibeba chini ya kanga kama mtoto mchanga. Kilikuwa kile cha mjane aliyenyang'anywa nyumba na mashemeji zake. Jioni ulikisoma kwa sauti, mimi nachochea jiko, na mama mwenye nyumba anasikiliza upande wa pili wa ukuta. Siku tuliyokirudisha bila kumsomea mwisho, aligonga mlango kwa hasira. "Nyie watu hamna utu! Yule mjane alipata nyumba yake au hakupata?"

Kisha mama yako akaugua, ukarudi nyumbani kumuuguza. Ulifanya vizuri, na sikuhesabii hilo kuwa kosa. Mimi nikahamia Makambako kufuata malori. Huku sina wa kunisomea, na jiko nachochea peke yangu. Lakini Jumamosi nikipata nafasi napanda basi mpaka Njombe kurudisha kitabu na kuchukua kingine. Wenzangu wa kupakia wananicheka. "Profesa huyo, anakwenda chuo! Mtu mzima anasafiri kurudisha karatasi!" Wacheke. Tukipumzika kusubiri lori lingine, ni hao hao wanaosema, "Haya Profesa, tuambie, yule mtu kwenye kitabu kafanyaje?" Nawaambia. Nikikosea wananidai nirudi nyuma.

Mwili wangu umechoka, sitakudanganya. Gunia nililolibeba nikicheka zamani, siku hizi naliomba msamaha kabla ya kulinyanyua. Lakini nikifika pale dirishani nikafungua kitabu, mabega nayasahau. Naridhika, Mama Zuhura. Sijui kama nimewahi kukuambia neno hilo.

Sasa jibu la swali lako. Kinachonizuia huku ni maktaba. Nilikuwa naona aibu kukuambia. Mwanaume anakaa mbali na mkewe mwaka mzima kwa sababu ya vitabu vya kuazima? Lakini ukweli mwingine ni kwamba naogopa. Kijijini kwetu hakuna maktaba, unajua. Naogopa nikirudi, baada ya mwaka mmoja nitakuwa yule yule wa zamani, anayepita mbele ya maandishi kama anayepita mbele ya mawe. Nimekipata kitu hiki ukubwani, na nimekipata kwa tabu.

Na wewe pia nakuhitaji, sitaki kuchagua. Kwa hiyo nakuomba hivi. Njoo ukae nami mpaka msimu wa viazi uishe. Twende Njombe Jumamosi zote, usome rafu yako, mimi nisome yangu. Halafu tuamue wawili, tukiwa tumeonana uso kwa uso. Ukisema haiwezekani, kwamba mama bado anakuhitaji, basi nitafunga mzigo nije Kondoa, na sitanung'unika. Mke ni wewe, siyo maktaba. Ila usiniite nyumbani kwa kusema huku hakuna kitu. Kipo, na nusu yake ulinipa wewe.

Msalimie mama, mwambie namshukuru Mungu kwa afya yake. Msalimie Zuhura na mumewe.

Ombi la mwisho. Usinijibu kwa simu. Kwenye simu wewe unakasirika upesi na mimi nasema uongo upesi. Chukua karatasi, niandikie, uandike kwa kirefu, hata kama jibu ni hapana. Mpe dereva yeyote wa lori anayekuja Makambako. Nitakaa mahali penye mwanga na kuisoma yote, polepole, mdomo umefumba.

Ni mimi mumeo,
Baba Zuhura