Mzinga Usiopakwa Rangi

Mjukuu wangu Ngoie,

Huku Kamina tuko wazima, na mama yako ameanza tena kufundisha. Umeniuliza nilimngojaje babu yako wakati wa vita.

Alikuwa mchumba wangu, askari wa Base, kambi ya jeshi ya hapa Kamina, mpenda kuunganisha manowari ndogo za plastiki. Alipotumwa vitani aliniachia moja isiyo na rangi. "Weye utaimaliza," akasema. Kila Jumapili nikitoka kanisani niliipaka kidogo. Nilipofikia mzinga wake wa mwisho, nikauacha. Niliogopa kumaliza kabla hajarudi.

Alirudi amekonda sana, akaiona mezani.

"Mbona haukumalize?"

"Ile mzinga ya mwisho miye nilikuachia weye."

Akaketi na buti zake miguuni, akachukua brashi, akaupaka mzinga ule polepole, huku machozi yakimtoka.

Nakukumbatia, mtoto wangu.

Kambo yako, bibi yako Numbi