Upanga wa Kishada Chekundu

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika chumba cha upelelezi, tarehe 16, Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi.
Shahidi: mwanamke, anajulikana kwa jina la Sindano
Umri: miaka 36
Kazi: fundi cherehani
Makazi: vyumba viwili nyuma ya ukumbi wa michezo
Uhusiano na mtuhumiwa: mke
Uhusiano na majeruhi: tunafahamiana

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo ninaweza kushtakiwa, na nimeelewa. Nimemwomba afande aandike kama ninavyosema bila kunipambia. Jana nilisomewa maelezo ya mume wangu, na tangu nimjue hajawahi kutamka neno "kadhalika".

Baba yangu, ambaye watu wote humwita Mwalimu, anafundisha upanga wa Kichina. Alijifunza ujanani kwa Mchina mmoja aliyekuwa fundi mitambo kwenye kiwanda walichofanya kazi pamoja. Ni upanga mnyoofu, mwepesi, wenye makali pande zote mbili. Baba husema Wachina wa kale waliuita muungwana wa silaha, kwa hiyo anayeushika hana budi naye awe muungwana. Nimelelewa na maneno hayo kama wengine wanavyolelewa na uji. Zamani wanafunzi wake walijaa ukumbini. Siku hizi wamebaki wachache, na baadhi yao huja kwa sababu daktari amewaambia wanyooshe mgongo.

Mume wangu anaitwa Betri. Anaendesha klabu ya panga za taa. Hizo si chuma. Ni bomba la plastiki ngumu lenye taa ndani, halina makali wala ncha. Wachezaji huvaa vinyago vya wavu usoni na glovu nyembamba, na aliyeguswa hunyoosha mkono mwenyewe kukiri. Baba huuita mchezo huo "vita vya balbu". Mume wangu hucheka tu akisikia, lakini mimi ninayelala naye najua kwamba humuuma.

Makundi yote mawili hutumia ukumbi mmoja. Mwezi huu wasimamizi wa ukumbi walitangaza kwamba Jumamosi jioni itabaki na kundi moja tu. Walitaka kwanza waone onyesho la wote pamoja, ndipo waamue. Baba alikubali upesi mno. Mtu aliyekataa kula meza moja na mkwewe kwa sababu ya balbu, leo anakubali kucheza naye jukwaa moja. Nilishangaa.

Ukumbini kuna kabati la chuma la kuhifadhia vifaa. Funguo zake ziko mbili, moja kwa baba na nyingine kwa mume wangu. Panga za baba humo ni mbili pia, zinafanana kwa umbo. Ule butu wa mazoezi una kishada cheusi cha nyuzi kwenye mpini. Ule mkali una kishada chekundu. Vishada hivyo nimevishona mimi. Mpango wa siku hiyo ulikuwa baba acheze na mchezaji wa taa kwa upanga butu, kisha mwishoni aoneshe ule mkali kwa kukata karatasi hewani.

Alhamisi jioni nilisikia mume wangu akigombana na Msusi nje ya dirisha langu. Msusi ni mwanamke, mchezaji bora wa klabu yake, na kazi yake ni kusuka nywele. Alitaka kuondoka na kuanzisha klabu yake. Mume wangu alimwambia, "Ukiondoka na watu wangu tutaonana wabaya." Nilimsikia vizuri. Nayasema haya kwa sababu majirani nao walisikia, na wameshayafikisha hapa kabla yangu.

Mnamo tarehe 14, Jumamosi, saa kumi na moja jioni, onyesho lilianza. Madirisha yalikuwa yamefunikwa kwa mapazia meusi ili taa zionekane. Nilikaa kiti cha mbele, upande wa kushoto wa jukwaa. Kabla taa za ukumbi hazijazimwa, nilimsikia baba akimwambia mume wangu, "Mkwe, niletee mkoba mzima." Mume wangu alifungua kabati, akaleta mkoba wenye panga zote mbili, akauweka mezani, akaenda kwenye swichi. Ukumbi ukawa mweusi, kisha zikawaka taa za bluu za jukwaani. Katika mwanga wa bluu, kitu chekundu huonekana cheusi. Kila anayenunua vitambaa jioni chini ya taa za duka analijua hilo, na mimi limeshanitia hasara ya gauni zima.

Baba alifungua mkoba, akachukua upanga, akapanda jukwaani. Alisimama wima, akatoa salamu kama walivyofanya wapiganaji wa kale: upanga katika mkono wa kushoto, umegeuzwa, mpini chini, chuma kimepanda nyuma ya mkono mpaka begani. Halafu akauhamishia mkono wa kulia. Msusi, aliyechaguliwa kucheza naye, akasalimu kwa taa yake.

Walicheza vizuri. Sitaki kusema uongo, ilipendeza sana. Baba ana miaka sabini na moja lakini magoti yake ukumbini si yale ninayoyakanda nyumbani. Watu walikuwa wanamshangilia Msusi, hasa anaporuka. Nilimwona baba akikaza taya. Kisha akainua upanga juu na kuushusha kwenye lile bomba la taa. Sikuwahi kumwona akipiga namna ile kwenye mazoezi. Bomba lilikatika, taa ikazimika nusu, upanga haukusimama.

Hapo Msusi alifanya kile wanachofanya siku zote watu wa taa. Katika mchezo wao unaruhusiwa kusukuma silaha ya mwenzako kwa kiganja mara moja, na watazamaji hupenda sana. Taa haina makali, na upanga butu hauna makali, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuogopa. Alisukuma kwa kiganja. Glovu ilifunguka, na kiganja pia.

Hakupiga kelele. Alitazama mkono wake, akaunyoosha juu, kama kanuni yao inavyotaka aliyeguswa afanye. Watu wakapiga makofi. Afande, hayo makofi bado nayasikia. Mimi ndiye niliyewasha taa za ukumbi, nikaona kishada chekundu.

Askari walipofika, baba aliwaambia kwamba mwanga wa bluu ulimpoteza, kwamba mkwe wake ndiye aliyechagua bluu, ndiye mwenye ufunguo, na ndiye aliyeleta mkoba. Hakusema uongo hata neno moja. Mume wangu akachukuliwa.

Mimi nilimshuku mume wangu. Naomba liandikwe. Usiku ule nilipekua begi lake, mifuko ya suruali na hata viatu, bila kujua natafuta nini. Nilikumbuka ugomvi wa Alhamisi. Nilijiuliza kwa nini bluu, wakati siku zote taa zao za jukwaani zilikuwa nyekundu. Nilifikiri pia mambo mengine kuhusu yeye na Msusi, ambayo mke hufikiri na afande hahitaji kuyaandika.

Jumapili asubuhi niliruhusiwa kumwona hapa kituoni. Nilimuuliza uso kwa uso, "Kwa nini ulibadilisha taa zikawa bluu?"

Alinitazama kama mtu aliyechoka. Alisema, "Si wewe uliyesema nyekundu inakuumiza macho?"

Ni kweli. Nilisema hivyo wiki mbili kabla, nikiwa naona kero, nikitia uzi kwenye sindano. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikamuuliza kwa nini hakuwaeleza wapelelezi. Akasema, "Wakutie na wewe humu? Nani atamsaidia Msusi kuvaa?" Kumbe tangu Jumamosi alikuwa anawaza mkono wa yule mwanamke, na mimi nilikuwa napekua viatu vyake. Niliona haya mbele ya askari wa zamu.

Nilipotoka hapa nilipita kwa Msusi. Amefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo cha mkono. Daktari amemwambia vidole viwili havitakunjika tena sawasawa. Nilimfunga vifungo vya blauzi. Hakunisema kwa lolote. Aliniuliza tu, "Mwalimu hajambo?"

Jumapili hiyo mchana nilichukua koti jeusi la mazoezi la baba ili nilifue, kwa sababu mimi ndiye ninayelifua siku zote. Lilikuwa na damu kifuani. Kabla ya kuliloweka nilikagua mishono, kama kazi yangu ilivyo. Mikono ya makoti hayo ni mipana. Katika ile salamu niliyoieleza, chuma hulala juu ya mkono wa kushoto. Upanga butu unauegemeza tu, hakuna neno. Upanga mkali ni lazima uutenge na mkono, upana wa kidole, la sivyo unapogeuka unakata kitambaa. Baba aliwafundisha wanafunzi wake hivyo, na waliosahau waliniletea makoti niwashonee viraka.

Mkono wa kushoto wa koti la baba haukuwa na mkato. Haukuwa hata na uzi uliochomoka. Nilikaa chini sakafuni na koti mapajani. Nilirudisha picha ya Jumamosi kichwani, na nilikuwa nimekaa upande huohuo wa kushoto. Nilimwona ameutenga. Wakati ule nilifikiri ni madaha ya mzee mbele ya wageni.

Mtu anayeamini ameshika upanga butu hana haja ya kuutenga. Baba alijua ameshika upi kabla hajasalimu.

Sikulifua koti. Nimekuja nalo.

Jana jioni nilimwendea baba chumbani kwake. Nilimwonesha mkono wa koti. Aliugeuza, akaupapasa kwa vidole, akaelewa. Alisema, "Nilitaka kukata taa, mwanangu. Si mkono." Alisema alitaka wasimamizi waone tofauti ya kitu halisi na mchezo. Nilimwambia Msusi hatasuka tena kama zamani. Alilia. Sijawahi kumwona baba akilia, hata tulipomzika mama, na sikujua niweke wapi mikono yangu.

Kisha akafuta uso. Akasema, "Betri ni kijana. Watamwachia baada ya muda. Mimi nikiingia mle nitatolewa nimebebwa."

Nilimwambia kwamba leo mume wangu anapelekwa mahakamani. Akasema analijua hilo. Akaniomba nije niseme mambo mawili tu: kwamba mwanga ulikuwa wa bluu, na kwamba vishada havikuonekana rangi. Akasema, "Yote ni kweli. Hutakuwa umedanganya." Nampenda baba yangu. Ndiye aliyeninunulia cherehani ya kwanza, ndiye aliyenilea peke yake. Lakini pale nilimwona anahesabu miaka ya mume wangu kama ya kwake, na hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa yanaunguruma. Sikumjibu. Alichukua ukimya wangu kuwa ndiyo.

Leo asubuhi alivaa shati jeupe, akanisindikiza mpaka hapa. Njiani alinishika mkono wakati wa kuvuka barabara, kama nilivyokuwa mtoto. Sasa amekaa kwenye benchi nje ya mlango huu. Anadhani bado naeleza habari za mwanga.

Nimemaliza. Niliyoyasema ni yale niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoambiwa na baba yangu kwa kinywa chake. Nimesomewa yote, nimeongeza neno "jeusi" mahali pa koti, mengine yako sawa, na sikushurutishwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi. Nimepokea koti moja jeusi, lina madoa ya damu kifuani, mkono wa kushoto ni mzima. Safari ya mtuhumiwa kwenda mahakamani nimeisimamisha kwa simu, saa nne na dakika kumi na tano. Shahidi aliomba atoke yeye kwanza akamwambie mzee, kabla sijamwita. Nilimruhusu, mlango ukiwa wazi. Alikaa benchini karibu naye. Alipomaliza kusema, mzee alivua saa yake ya mkononi na kumpa, akasimama, akaja mwenyewe.