Kwanza Majina, Yaya

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Barua hii siifungi. Commandant, mkuu wa askari wa Beni, akitaka kusomewa, asomewe; mimi ni mdogo wako na sina la kumficha.

Unakumbuka asubuhi zetu? Wewe Beni, kule Beu, mimi hapa Kimemi, Butembo, kila mtu mbele ya foni yake, zile redio za kusemea alizotuachia baba. Wafanyabiashara wamejaa mlangoni wakitaka kujua kama vita imefunga barabara, na wewe hutoi habari. Unaita kwanza majina tunayowapa watoto wa kiume kwetu, wa kwanza hadi wa sita: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, Mbusa.

"Lakini kila siku unaita batoto?" wateja wako walilalamika.

"Muniache kwanza nijue njia ya hewa ya leo."

Majina yale niliyajua kabla hujafungua mdomo. Basi kilichopungua hakikuwa chako, kilikuwa cha hewa. Kasereka akija amemezwa katikati, nilijua hewa inaharibu nini siku ile. Nilizungusha kifungo, na habari zilizofuata nikazinyoosha kwa kipimo hicho hicho. Hatukumtuma mtu yeyote kwenye njia mbaya, na ninajivunia hilo hadi leo.

Kisha akaja commandant huyo, mgeni kutoka mkoa wa mbali, akasimama nyuma yako kusikiliza.

"Hawa bantu ni banani? Mubalete."

Ulicheka, Yaya. Foni ilikuwa wazi, nilikusikia. "Commandant, beko mu kila nyumba. Piga hodi popote."

Hakuamini, akakataza majina. Kesho yake ukaanza nayo. Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, yote safi kabisa. Katembo hakufika. Hewa haikati namna ile. Ule ulikuwa mkono wa mtu.

Askari wake walikupandisha kwenye lori lao, ndivyo tulivyoambiwa. Baba mdogo anasema tukae matanga, watu wanatushangaa. Nimekataa. Sijaonyeshwa kaburi, sikai matanga ya mtu.

Kwenye foni yako waliweka askari wao. Alisoma habari moja kwa moja, nazo zikafika vipande vipande. Nikamwambia, "Sipati. Anza na majina." Alinitukana kwa Lingala. Nikamwacha amalize, nikarudia, "Sipati. Majina." Siku baada ya siku hivyo hivyo, hata wakubwa wake wakaanza kumfokea yeye. Juma lililopita akachoka. Aliyaita yote, kwa ulimi wa kigeni, hadi Mbusa. Majina aliyoyaogopa mkubwa wake!

Hewa ilikuwa nzuri. Sikumpa habari yoyote. Niliuliza, "Na Masika eko wapi?"

Tangu siku ile, akimaliza Mbusa, mimi naongeza jina lako na kuuliza tena, mbele ya wateja wote, kabla ya habari ya mtu yeyote. Wakitaka foni ya Butembo ifanye kazi, wataendelea kunisikiliza. Na hawawezi kusema hawakunipata, Yaya. Wenyewe ndio wametoka kunipimia njia.

Mdogo wako, anayekuita kutoka Kimemi