Kasa wa Karamu ya Baba

Kisiwani Badu,
Mlango-bahari wa Torres, Australia

Kaka yangu mpendwa Enosa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi hatujambo, magoti ya Mama ndiyo yanayomsumbua, lakini mdomo wake mzima. Je, wewe, wifi na watoto huko Townsville mu wazima?

Jiwe la kaburi la Baba limeshafika, na tumelifunika vitambaa kama desturi yetu, mpaka siku ya kulifunua kwa karamu. Gibson, mwana wa Mjomba Matai, alikamata kasa wawili wa karamu, akawafunga kamba majini mbele ya nyumba.

Unaijua kazi yangu na walinzi wa bahari. Tangu kasa waanze kutupwa ufukweni wamekonda, tunawatoa damu shingoni na kuipeleka maabara. Hao wawili nao niliwachoma sindano. Mjomba alinicheka, akauliza kama nitawaandikia na dawa ya kikohozi. Majibu yakarudi: damu ina madini yenye sumu. Wataalamu wakasema nyama isiliwe, ini ndilo kabisa. Sumu hiyo inatoka wapi, bado hawajui.

Nikawaeleza wazee. Mjomba akasema Baba alikula kasa maisha yake yote bila kupimiwa chochote, sasa mimi nataka tumfunulie jiwe kwa kuku wa dukani? Mama akaongeza kuwa ini ni la wajukuu, na sindano yangu haitabadilisha hilo. Wajukuu hao ni wanao pia, Kaka.

Juzi kasa walitoweka. Gibson anasemwa kila kona kwa fundo lake bovu. Watoto wanamwambia asifunge hata viatu.

Fundo la Gibson lilikuwa zuri, limenivunja kucha. Ni mimi niliyewafungua, mchana kweupe, watu wakiwa kanisani kwenye mazoezi ya nyimbo. Wala sijutii. Baba ndiye aliyenifundisha kumgeuza kasa chali bila kumuumiza. Sitamheshimu kwa kuwalisha wajukuu wake sumu. Gibson nimemwambia. Amenuna, ila amekubali niseme mwenyewe. Nitasema mbele ya jiwe, kabla kitambaa cha kwanza hakijaondolewa. Wakinifukuza, nitakula viazi vyangu nje ya uzio, na sitaondoka hapo.

Ukija, lete samaki wa huko kwenu, badala ya kasa. Na uamue njiani utasimama wapi. Kando yangu pana nafasi.

Msalimie wifi. Wabusu watoto, uwaambie safari hii ini ni la kuku, na aliyesema ni shangazi yao.

Ni mimi dada yako, nisiyetubu,
Dorcas