Vichwa vya Treni Mnadani Bariadi

Jumamosi, 2 Julai 1994

Mnadani tena. Nimewatangulia hata ng'ombe. Turubai la Masunga lilikuwa bado limekunjwa, nami nimesimama mbele yake kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Masunga anauza mitumba: marobota ya nguo kutoka Mwanza, na chini ya nguo, mara chache, midoli ya watoto wa Ulaya. Katikati ya midoli, mara chache zaidi, kichwa cha treni. Cha chuma, urefu wa kiganja, lakini kila ufito na kila kishikio kimewekwa mahali pake na mtu aliyeiheshimu kazi yake. Hivyo ndivyo ninavyokusanya. Ninavyo saba.

Leo kilikuwapo kimoja tu. Cha dizeli, chekundu, kioo kimoja kimevunjika. Mwezi Mei cha namna hii kilikwenda kwa bei ya kilo mbili za sukari. Leo bei ya jogoo mkubwa. Nikamdai Masunga sababu.

"Soko huria, msomi. Si mlilisoma huko chuoni?"

Watu wakacheka. Tulilisoma. Tuliliandikia hata mabango. Nimelipa.

Jumapili, 3 Julai

Shangazi kaenda kanisani. Nimebaki na mswaki mkuukuu na mafuta ya cherehani, nasafisha magurudumu. Chekundu sasa kinateleza juu ya meza bila kukwama. Furaha ya kweli. Hakuna wa kumwonyesha.

Chuoni hakuna mwenzangu aliyejua. Nilikuwa juu ya meza ya bwalo nikiulaani umiliki, na chini ya kitanda changu lilikuwapo sanduku la vichwa vya treni vilivyoviringishwa kwenye soksi. Ni mali binafsi. Najua. Nimewahi kujitetea mwenyewe kwa hoja tatu, na zote tatu dhaifu.

Kichwa cha treni cha kweli nilikiona mara ya kwanza stesheni ya Malampaka, nikienda sekondari. Kitu kikubwa kiasi kile, kikapita bila kumwomba mtu ruhusa. Nikaamua ndivyo nitakavyoishi. Sikuziangalia reli.

Shangazi karudi, kasimama mlangoni na Biblia yake. "Baba, hivyo vyuma vinakula nini? Maana hela zako zote naona vinakula vyenyewe."

Nikakipanga chekundu dirishani pamoja na wenzake saba.

Alhamisi, 7 Julai

Masomo ya ziada kwa vijana wa kidato cha nne, hapa hapa Bariadi, mtaa wa Somanda, kwenye ukumbi wa kukodi. Ndiyo riziki yangu kwa sasa. Nimefundisha sababu za anguko la bei ya mazao. Mmoja kasinzia.

Nimesimamishwa masomo mwaka mzima kwa hotuba moja. Ilikuwa hotuba nzuri. Tulikataa mzigo wa ada kutupwa juu ya mabega ya watoto wa wakulima, na bwalo zima lilisimama. Kisha zikaletwa fomu za kuomba radhi. Wenzangu wakasaini, wakarudi darasani. Mimi nikarudi Bariadi. Hakuna hata mmoja aliyeandika.

Mimi ni mpweke. Sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kuziandika, na haina kibwagizo.

Jumamosi, 9 Julai

Naandika kabla hata ya kuvua viatu.

Masunga alikitoa mwishoni, kimefungwa kwenye sweta la mtoto. Cheusi. Cha mvuke. Magurudumu sita makubwa yaliyounganishwa kwa fito, na nyuma behewa dogo la makaa, makaa yenyewe yamechongwa moja moja. Nilikisukuma kwa kidole juu ya turubai. Fito zikapanda, zikashuka. Nikasahau nilipo.

Bei: mbuzi.

Hapo nikafanya upumbavu. Nilihutubia. Nilisema: Huyu ameinunua kazi ya fundi kwa bei ya matambara! Fundi aliyekaa miezi akichonga makaa yasiyozidi punje ya mtama! Leo kazi ile adhimu, isiyopatikana Mwanza, isiyopatikana Dar es Salaam, inageuzwa kamba ya kumnyonga mnunuzi! Watu wakakusanyika. Ng'ombe wakaachwa. Niliona macho yao na nikajisikia mzima, kwa mara ya kwanza tangu nirudi.

Nilipomaliza, mama mmoja muuza michembe, vile viazi vilivyokaushwa, akatikisa kichwa kwa heshima. "Gete, kweli kabisa, kijana anaongea. Basi hicho kitu ni cha maana sana."

"Umesikia mwenyewe," Masunga akasema. Akaongeza bei palepale. Mbuzi na debe la mahindi.

Soko zima lilicheka. Hata mimi ningecheka kama kisingekuwa kichwa changu.

Nimemsihi anitunzie wiki moja. Kakubali nusu nusu. "Nitakungoja. Lakini yupo mwingine anayevipenda hivi. Akija, simfukuzi mtu."

Yupo mwingine! Kwa hiyo ndiyo sababu. Sukari, jogoo, mbuzi: ngazi yote ile inapandwa na mtu nisiyemjua.

Alhamisi, 14 Julai

Nimeiuza redio. Fundi baiskeli wa jirani kaijaribu, kaigongagonga, kailipia. Fedha inatosha, na inabaki kidogo.

Chumba kimya. Nilikuwa nikibishana na msomaji wa taarifa ya habari. Sasa hata huyo hayupo.

Jumamosi, 16 Julai

Kimeondoka.

"Mwenzako alikuja nyumbani jana," Masunga kasema, bila hata kuinua macho kwenye suruali alizokuwa akizipanga. "Kaongeza."

Nani? Hasemi. "Mteja ni siri, msomi. Mbona daktari humuulizi?"

Nimekwenda na fedha mfukoni, nimerudi nazo. Hakuna mzigo mzito kama huo. Njia nzima nimepitwa na magari ya wanunuzi wapya wa pamba, matajiri walioletwa na ruhusa ya biashara, vumbi lao kinywani mwangu. Mmoja wao bila shaka. Kakiweka juu ya kabati la vyombo, karibu na maua ya plastiki. Hajawahi kukisukuma kwa kidole. Hajui fito zinapanda na kushuka. Ananunua kwa sababu anaweza kununua.

Nimemchukia mtu huyo kwa ukamilifu ambao sijawahi kumchukia waziri yeyote.

Jumanne, 19 Julai

Nimechukua hatua.

Huu ni msimu wa ngoma; mavuno yako ndani, watu wana nafasi. Nimemwendea Gindu. Gindu ni manju: anaongoza kundi la wachezaji na kutunga nyimbo za kejeli, na kila siku ya mnada kundi lake hushindana na kundi jingine nani atavuta watu wengi. Aliyeimbwa na Gindu haendi dukani mwezi mzima. Bango halifikii hapo. Makala katika gazeti haifikii hapo.

Nimemwambia yote. Bepari mficha mali, anayenunua treni mahali pasipo reli, anayewapandishia wenzake bei. Kanisikiliza, anavuta sigara niliyompelekea.

"Jina?"

"Sina. Imba tu tajiri."

"Wimbo usio na jina ni kelele, mdogo wangu. Masunga atanitajia. Ananiogopa."

Nimerudi nikitembea kama mtu aliyeshinda kura. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 23 Julai

Siwezi kuandika vizuri leo. Nitaandika vibaya.

Gindu alingoja uwanja ujae. Ngoma zikanyamaza. Akaimba kwa Kisukuma, polepole, kila neno lisikike. Naandika kwa Kiswahili ili nisisikie sauti yake:

Mwalimu wa Ngulyati,
treni yako inakwenda wapi?
Abiria wako wako wapi?
Nyumba haina mtoto,
mwalimu anacheza yeye.

Kundi likaitikia. Uwanja ukaitikia. Kisha akamtaja jina: Leticia. Akarudia. Watu walishika mbavu. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu akamwambia mwenzake, "Ndiyo maana hajaolewa, kumbe ana treni!" na wote wawili wakagonganisha viganja.

Mwalimu wa shule ya msingi. Si tajiri. Hana gari, hana pamba. Mshahara wa mwalimu naujua. Nimewahi kuutolea hotuba.

Na lile la mtoto sikumpa mimi. Gindu kalipata mwenyewe, kwa bidii ya kazi yake. Lakini mlango niliufungua mimi.

Gindu alinipungia mkono katikati ya watu. Nikampungia.

Jumapili, 24 Julai

Watoto wa jirani wanauimba wakichota maji. Shangazi naye, akiosha vyombo, bila kufikiri, ameanza kuuimbaimba. Nikamwambia aache. Nilimwambia kwa ukali. Kaniangalia, kisha kaangalia vile vichwa vinane dirishani, kisha kaangalia vyombo.

"Baba," kasema, "mshukuru Mungu hujatajwa wewe."

Jumatano, 27 Julai

Nimekwenda Ngulyati, kijijini kwa mwalimu. Baiskeli ya kuazima, tela za pamba njia nzima. Nilipanga utangulizi, hoja, na hitimisho. Vyote vilipotea kabla sijavuka mto.

Nyumba ya mwalimu iko nyuma ya shule. Alifungua mlango nusu. Miaka thelathini na kitu. Miwani iliyofungwa uzi sikioni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kama umekuja kuchungulia treni, wenzako walishachungulia."

Nikamwambia ninavyo vinane. Nikamtajia: chekundu cha dizeli chenye kioo kilichovunjika, kile cha kijani, na kile kidogo cha kupangia mabehewa. Akafungua mlango wote.

"Kile cha kijani nilikikosa," akasema. "Nililia, usinicheke. Kumbe ni wewe."

Naandika alivyosema, nisije nikayapamba baadaye. Alikuwa akijua yupo mwingine. Masunga alikuwa akimpandishia bei kwa kisingizio changu kama alivyonipandishia mimi kwa kisingizio chake. Alidhani ni tajiri wa pamba. "Nikakuchukia. Halafu wiki nikikipata mimi nikakuonea huruma. Nilikuwa nawaza: huyo naye leo karudi mikono mitupu, na nyumbani hana wa kumwambia."

Vyake vilikuwa mezani, vingine vimeshafungwa kwenye magazeti. Vizuri kuliko vyangu. Baba yake alikuwa mpiga bendera stesheni; alikulia huko akivisikia vya kweli vikipita. Cheusi kilikuwa bado wazi. Akakisukuma kwa kidole kuelekea kwangu, nami nikakisukuma kuelekea kwake. Mara mbili hivi. Sijui kama nimewahi kuongea na mtu vizuri namna ile.

Nilikuwa na uwezo wa kunyamaza. Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi. Tungekuwa na Jumatano nyingine.

Nikamwambia. Gindu, sigara, bepari mficha mali. Yote.

Hakupiga kelele. Alikivuta cheusi upande wake, akachukua gazeti, akaanza kukifunga.

"Jana nimeandika ubaoni, nikageuka, darasa zima linaitikia chini chini. La nne B. Watoto wangu." Akakunja ncha za gazeti. "Vinarudi kwa Masunga Jumamosi. Anipe chochote."

Nikamwomba asiviuze. Nikasema nitasimama mnadani, nitawaambia wote kwamba mimi ndiye, kwamba mimi pia ninavyo.

"Wewe mwanafunzi, watasema umezidiwa na masomo. Mimi mwalimu, watasema nimechanganyikiwa. Usisimame popote. Umeshanisaidia vya kutosha." Halafu, kwa upole, ambao ulikuwa mbaya zaidi: "Nenda sasa. Kengele inakaribia kulia, watakuona mlangoni kwangu."

Nikaenda.

Ijumaa, 29 Julai

Sikufundisha. Nimeandika hotuba ya kuomba radhi, kurasa nne, nimeichana. Ilikuwa nzuri. Ndiyo kasoro yake.

Jumamosi, 30 Julai

Nimechelewa kwa makusudi. Ng'ombe walikuwa wameshauzwa wengi, vumbi limetulia.

Vilikuwa juu ya turubai la Masunga, vyote, vimepangwa mstari. Sijawahi kuona vichwa vya treni vingi namna ile mahali pamoja. Watu wanapita, wanacheka kidogo, wanaendelea na mashati. Kipo na cheusi, alichokifunga mwalimu mbele yangu. Alama ya wino wa gazeti imebaki ubavuni.

Nimechuchumaa. Hakuna aliyenisukuma. Sikukisukuma kwa kidole.

"Hiki cheusi bei gani?"

Masunga alikuwa akila karanga. "Taja wewe. Hakuna mwingine anayeuliza."

Nikataja ile ile ambayo mwalimu aliniambia alikilipia. Nilikuwa nayo, fedha ya redio na ya masomo ya mwezi mzima. Nikaihesabu mbele yake.

Aliniangalia kama anayemtazama mgonjwa. Mtu huyu hajawahi kunihurumia hata mara moja. Akaigawa ile fedha sehemu mbili, moja akanirudishia kiganjani, akanifunga vidole kwa mkono wake.

"Hiyo ilikuwa bei ya watu wawili, msomi. Sasa uko peke yako. Toa nusu."

Nimetoa nusu.